Mashairi ya Kuchekesha Yanavyomfungua Mtoto Ulimi



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake wote.

Ndugu wazazi na wanafunzi wetu wapenzi, tuanze makala haya kwa kisa cha mtoto aliyejua jibu akanyamaza.

Siku moja Mtume (S.A.W.) alikuwa amekaa na masahaba zake. Akawauliza fumbo: kuna mti mmoja ambao majani yake hayapukutiki, nao ni mfano wa Muislamu; ni mti gani huo? Watu wakaanza kutaja miti ya jangwani, huyu huu na yule ule. Abdullah bin Umar (R.A.) alikuwepo, naye alikuwa mdogo kuliko wote pale. Moyoni mwake jibu lilikuwa limeshafika: ni mtende. Lakini alipotazama huku na huku na kuona wakubwa watupu, akaona haya kusema. Mwishowe Mtume (S.A.W.) mwenyewe akawaeleza kuwa ni mtende. Baadaye Abdullah alimwambia baba yake kwamba alikuwa amelijua jibu. Sayyidna Umar (R.A.) hakumsifu kwa kukaa kimya. Alimwambia kuwa lau angelisema, jambo hilo lingekuwa tamu zaidi kwake kuliko kupata mali kadha wa kadha. Kisa hiki wamekipokea Bukhari na Muslim.

Tazameni vizuri kisa hiki. Mtoto yule hakupungukiwa na elimu. Alichopungukiwa ni ujasiri wa kuitoa elimu yake mbele ya watu. Watoto wa namna hii tunao wengi, katika vyuo vyetu na katika shule za serikali, huku Mbinga milimani na kule ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Anajua sura zote za Juzuu Amma, lakini akiitwa mbele anatazama vidole vya miguu yake na sauti inapotelea kooni.

Katika makala haya tunataka kueleza njia moja ya kumsaidia mtoto kama huyo: kuwasimamisha watoto kwa makundi na kuwapa mashairi ya kuchekesha wayaghani pamoja. Tutaeleza kwa nini njia hii inafanya kazi, dini yetu inasemaje kuhusu mzaha na mashairi, na inafanywaje hatua kwa hatua.

HAYA NA WOGA SI KITU KIMOJA

Huenda mzazi akauliza: je, haya si katika imani? Ndiyo, haya ni katika imani, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha hivyo. Haya humzuia mtu na maovu. Inayomzuia mtu asiulize, asijibu na asijitetee tunaiita woga. Imamu Bukhari ameweka katika kitabu chake mlango maalumu kuhusu haya katika elimu, na kisa cha mtende kimo humo. Humo humo amemnukuu Mujahid, mwanachuoni wa kale, kwamba watu wawili hawaipati elimu: mwenye kuona haya na mwenye kiburi. Pia amemnukuu Bibi Aisha (R.A.) akiwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuifahamu dini yao.

Kwa hiyo tunapomfundisha mtoto wa kike au wa kiume kusimama na kusema, hatumvui haya yake. Tunamvua woga.

KWA NINI MTOTO ANAYEJUA HUNYAMAZA?

Sababu ni nyingi, lakini kwa hapa kwetu tunaziona tatu kubwa.

Kwanza ni lugha. Mtoto wa Mbinga nyumbani anasema Kimatengo. Wa ufukweni anasema Kinyasa, Kimpoto au Kimanda, kutegemea kijiji chake. Akifika shuleni anakutana na Kiswahili sanifu, kisha na Kiingereza. Akija madrasa anakuta herufi za Kiarabu zinazotokea kooni na ncha ya ulimi. Kila mahali kuna namna mpya ya kukosea. Mwingine hubadilisha "l" na "r", mwingine huburuta maneno kwa lafudhi ya kwao. Akichekwa mara moja tu, anajifunza kwamba kimya ni salama zaidi.

Pili ni malezi. Tunawafundisha watoto kuwa wakubwa wakizungumza, mdogo hunyamaza. Hiyo ni adabu njema. Lakini mara nyingi tunasahau kumfundisha nusu ya pili, kwamba akiulizwa aseme, na akisema asemeshe sauti ipande.

Tatu ni upweke wa kusimama. Darasani tumezoea kumwita mtoto mmoja peke yake, wenzake arobaini wamkodolee macho. Hata mtu mzima aliyezoea soko la Mbamba Bay, ukimsimamisha ghafla mbele ya umma atatafuta pa kuweka mikono yake.

Sasa ndugu zangu, jambo hili si la kuchekesha tu siku ya mahafali. Mtoto asiyezoea kusema atapata shida pengine ambapo kimya kina gharama. Akiugua, hataweza kumweleza daktari panapouma. Akipotea njia, ataogopa kuuliza. Na akidhulumiwa na mtu mkubwa, iwe njiani, shuleni au hata na jamaa, atakaa na siri hiyo kifuani. Mtoto aliyezoea kusikia sauti yake mwenyewe mbele ya watu ana silaha moja zaidi ya kujilinda.

HATA NABII MUSA HAKUTAKA KUSIMAMA PEKE YAKE

Nabii Musa (A.S.) alipotumwa kwenda kwa Firauni, alimuomba Mola wake amkunjulie kifua, amfanyie nyepesi kazi yake na amfungue fundo la ulimi wake ili watu wafahamu maneno yake. Hakuishia hapo. Aliomba pia apewe msaidizi katika jamaa zake, ndugu yake Haruna (A.S.), amtie nguvu na awe mshirika wake katika kazi ile. Habari hii imo katika Sura Taha, aya ya 25 mpaka ya 35. Katika Sura Al-Qasas, aya ya 34, Nabii Musa anataja kuwa Haruna ni fasaha zaidi wa ulimi kuliko yeye. Mwenyezi Mungu (S.W.) akamkubalia maombi yake.

Hapa pana somo kubwa kwa walimu. Nabii mzima, mwenye fimbo na miujiza, aliomba mwenzake wa kusimama naye. Seuze mtoto wa miaka saba? Kundi ndilo Haruna wa mtoto. Akisahau neno, mwenzake wa kulia analo. Sauti yake ikiwa ndogo, inabebwa na sauti saba nyingine. Miguu ikimtetemeka, hakuna anayeiona, kwa kuwa macho ya watu yamegawanyika.

Na wataalamu wa matatizo ya usemi wanaeleza jambo la kutia moyo: watu wengi wenye kigugumizi, wanaposema maneno yale yale pamoja na wenzao kwa sauti moja, kigugumizi hupungua sana au hutoweka kwa muda huo. Haiwi dawa ya moja kwa moja, lakini mtoto mwenye kigugumizi humuwezesha kuonja, labda kwa mara ya kwanza, utamu wa maneno kutoka bila kukwama.

NGONJERA: NJIA ILIYOKWISHA PITIWA

Njia ya kughani kwa makundi si ngeni nchini kwetu. Wazee waliosoma miaka ya 1970 wanakumbuka ngonjera. Ngonjera ni shairi la kujibizana. Upande mmoja unatoa hoja, wa pili unapinga, beti kwa beti, mpaka mwisho wakubaliane au mmoja akiri kwamba ameelimika. Aliyeieneza sana ni Mathias Mnyampala wa Dodoma, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969. Alikuwa kiongozi katika chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, kwa kifupi UKUTA. Vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA vilichapishwa mwaka 1970 na 1971, baada ya kufa kwake. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, wanafunzi kote nchini walisimama kwa makundi na kughani ngonjera za siasa, kilimo na elimu mbele ya wageni na wazazi.

Ngonjera zile nyingi zilikuwa za kuhimiza siasa ya wakati ule. Lakini umbo lake ni hazina kwetu. Lina makundi mawili, kwa hiyo kuna mashindano. Lina kibwagizo ambacho wote hukirudia, kwa hiyo hata mtoto mzito wa kuhifadhi ana mahali pa kuingilia. Na lina vina na mizani, ambavyo humsaidia mtoto kukumbuka kama vile kamba imsaidiavyo mvuvi kuvuta wavu.

JE, DINI INARUHUSU KUCHEKESHA?

Baadhi ya wazazi huona kwamba madrasa ni mahali pa Qur'an na fiqhi, kicheko kibaki nje. Tunawaheshimu kwa wivu wao wa dini. Lakini tumtazame Mtume wetu (S.A.W.).

Anas bin Malik (R.A.) alikuwa na mdogo wake aliyeitwa Abu Umayr, aliyekuwa na kindege chake cha kuchezea kiitwacho nughayr. Kindege kikafa, mtoto akahuzunika. Mtume (S.A.W.) akawa anamuuliza habari za kindege chake kwa maneno yenye vina, jina la mtoto likilingana na jina la ndege. Habari hii imo katika Bukhari na Muslim. Mtume wa Mwenyezi Mungu, mwenye mzigo wa umma mzima, alimtungia mtoto mdogo maneno ya vina ili atabasamu.

Mtu mwingine alikuja kumuomba mnyama wa kupanda. Mtume (S.A.W.) akamwambia atampa mtoto wa ngamia jike. Yule bwana akashangaa, atafanya nini na mtoto wa ngamia? Mtume (S.A.W.) akamuuliza: kwani kuna ngamia asiyezaliwa na ngamia jike? Wamepokea Abu Daud na Tirmidhi. Ni mzaha, lakini ndani yake hamna uongo hata chembe.

Na mashairi je? Mwishoni mwa Sura Ash-Shuaraa Mwenyezi Mungu (S.W.) amewalaumu washairi wanaotangatanga na kusema wasiyoyatenda, kisha akawatoa katika lawama hiyo walioamini na kutenda mema. Hassan bin Thabit (R.A.) alikuwa mshairi, na aliwekewa mimbari msikitini auteteze Uislamu kwa mashairi yake.

Hata hivyo mzaha una mipaka, na watoto wafundishwe mipaka hiyo kabla ya beti ya kwanza:

1. Tusiseme uongo ili kuchekesha watu. Mtume (S.A.W.) ameonya vikali juu ya hilo. Samaki anayesema katika shairi ni mfano unaoeleweka na wote, hakuna anayedanganywa. Lakini kumzulia jirani kisa ili watu wacheke, hilo halifai.

2. Tusimdhihaki mtu, kabila, maumbile wala umasikini wa yeyote. Sura Al-Hujurat, aya ya 11, imekataza watu kudharauliana na kuitana majina ya kejeli.

3. Tusiichezee dini. Mungu, Mtume, Qur'an na ibada havichekeshwi.

4. Mtoto acheke na wenzake, asichekwe na wenzake. Huu ndio mpaka ambao mwalimu anapaswa kuulinda kwa jicho kali.

MFANO: USIPA NA KAHAWA

Shairi zuri la watoto hutoka katika vitu wanavyoviona kila siku. Hapa kwetu Mungu ametupa milima yenye kahawa na ziwa lenye usipa. Tumetunga beti tatu kwa ajili ya gazeti hili. Kundi la kwanza ni la ziwani, la pili ni la milimani, na ubeti wa mwisho ni wa wote.

Kundi la Ziwani:
Mimi naitwa usipa, makazi yangu ziwani,
Japo mdogo nalipa, ada zenu za chuoni,
Sina mwiba wa kutupa, kichwa na mkia ndani,
Kahawa, wewe wanipa, kitu gani sahanini?

Kundi la Milimani:
Mimi kahawa ya Mbinga, mlimani nimekaa,
Ukininywa na karanga, macho yako yanang'aa,
Juani kwenye mchanga, wanuka hadi mtaa,
Usipa, acha kuringa, mbele yangu hutafaa!

Wote pamoja:
Usipa bila kahawa, utashiba usingizi,
Kahawa tupu ikiwa, tumbo linapiga mbizi,
Mola ndiye wa kugawa, kwa hekima na ujuzi,
Sote kwake tuko sawa, tumshukuru Mwenyezi.

Wanafunzi, hesabuni silabi. Kila mstari una vipande viwili, na kila kipande kina mizani nane. Hesabuni kwa vidole: mi-mi-na-i-twa-u-si-pa. Kumbukeni pia kwamba "m" inayosimama peke yake, kama katika "mdogo" au "mtaa", huhesabiwa mizani moja. Mkishaijua kanuni hii, mnaweza kutunga beti zenu wenyewe.

Tazameni pia kwamba kundi la milimani linaposema usipa unanuka, anayeguswa ni samaki, si mtoto wa mvuvi. Na tunapendekeza makundi yabadilishane. Wiki hii watoto wa wakulima wawe usipa, na watoto wa wavuvi wawe kahawa. Hapo kila mmoja hujifunza kumtetea mwenzake.

Mambo mengine ya kutungia yapo tele. Kuna mashimo ya ngoro, kilimo cha asili cha Wamatengo kinachozuia maji ya mvua yasibebe udongo wa mlimani. Mgeni asiyejua kutembea shambani humo ni shairi tayari. Kuna mbasa, samaki mkubwa wa ziwani, anayemdharau usipa kwa udogo wake. Na watoto wakubwa wanaweza kutungia historia. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza iitwayo Guendolen ilifika Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, ikaishambulia kwa mzinga meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu. Manahodha wa meli hizo mbili walikuwa marafiki wa siku nyingi, na yule Mjerumani hakuwa amepata habari kwamba vita vimeanza. Inasimuliwa kuwa alikwenda kwa mtumbwi kumfokea rafiki yake kwa ujinga huo, na huko huko akaambiwa kuwa sasa yeye ni mateka. Watoto wakighani kisa hiki watacheka, na watajua kwamba pwani yao imo katika historia ya dunia.

HATUA KWA HATUA

Kazi hii haihitaji fedha wala vyombo. Dakika kumi au kumi na tano baada ya darsa, mara mbili kwa wiki, zinatosha.

Hatua ya kwanza: Gawa watoto makundi ya sita mpaka wanane. Changanya waongeaji na wakimya. Ukiwakusanya wakimya wote kundi moja utapata kundi la kimya.

Hatua ya pili: Wote waseme wote. Mwalimu anatoa mstari, watoto wanaitikia kwa pamoja, polepole, huku wakipiga makofi mepesi kwenye kina. Kwa siku hizi za mwanzo asitajwe mtoto yeyote kwa jina, kwa kusifiwa wala kusahihishwa.

Hatua ya tatu: Gawa pande mbili zijibizane. Hapa kicheko huanza chenyewe. Mtoto akitaka kulishinda kundi la pili, husahau kuogopa.

Hatua ya nne: Toka kundi zima, nenda wawili wawili. Watoto wawili waseme mstari mmoja, wengine waingie kwenye kibwagizo.

Hatua ya tano: Kipande kimoja, mtoto mmoja. Usimpe mtoto mwoga ubeti mzima. Mpe mizani nane tu, tena zile ambazo watu watacheka. Tuseme mtoto amepewa kusema "kichwa na mkia ndani" basi. Ni maneno machache, lakini yakitoka sawasawa watu wote wataangua kicheko cha furaha, naye atajua kwamba yeye ndiye aliyekileta. Siku hiyo atakwenda nyumbani ameongezeka kimo.

Hatua ya sita: Hadhira ikue kidogo kidogo. Kwanza darasa lao, kisha darasa la pili, kisha wazazi wachache, na mwisho ndipo siku ya mahafali au sherehe ya Idi. Walio ufukweni wajaribu kusimama mbali mbali mchangani na kughani huku mawimbi yanapiga. Sauti ikilishinda wimbi, ukumbi hautakuwa na tabu.

Mtoto akikataa kabisa, asilazimishwe wala asifungiwe nje. Apewe kazi ya kushika karatasi, au ya kuwapa wenzake ishara ya kuanza. Wengi wa namna hiyo huwa wameshahifadhi shairi lote kimoyomoyo, na siku moja wanaingia wenyewe.

AKIKOSEA, TUMVIKE KANZU

Kipo kisa kingine ambacho kila mwalimu na mzazi akiweke moyoni. Amr bin Salama alikuwa mtoto aliyeishi mahali penye maji, ambapo misafara ilipita. Aliwasikiliza wasafiri na kuhifadhi Qur'an kutoka kwao. Kabila lake liliposilimu, walitafuta mwenye Qur'an nyingi zaidi awasalishe. Hakupatikana isipokuwa yeye, naye alikuwa na miaka sita au saba. Wakamtanguliza mbele. Lakini nguo yake ilikuwa fupi, na aliposujudu ilipanda juu. Mwanamke mmoja akawaambia watu wamsitiri huyo msomaji wao. Ndipo watu wakamnunulia kitambaa wakamkatia kanzu, na mwenyewe anasimulia kuwa hakupata kufurahi kwa kitu kama alivyofurahi kwa kanzu ile. Imepokewa na Bukhari.

Watu wale wangeweza kumcheka mtoto na kumrudisha nyuma. Hawakufanya hivyo. Walimuacha mbele, wakamsitiri. Basi nasi mtoto akiteleza jukwaani, akisahau ubeti, akisema "kahawa" mahali pa "usipa", kazi yetu ni hiyo hiyo. Wenzake waudake mstari waendelee. Mwalimu asikunje uso. Mzazi aliyekaa mbele asizungumze na jirani yake huku akimnyooshea kidole. Na wakifika nyumbani, neno la kwanza liwe la kumpongeza kwa kusimama. Masahihisho yangoje kesho.

Nyumbani pia mazoezi yapo. Baada ya chakula cha usiku, baba au mama amwambie mtoto awaghanie ubeti mmoja. Bibi na babu waombwe watoe vitendawili vyao kwa Kimatengo au Kinyasa, na mtoto avitafsiri kwa Kiswahili. Mtoto akiona lugha ya nyumbani kwao inaheshimiwa, hataionea aibu lafudhi yake.

Wanafunzi wetu wapenzi, mwenzenu akisimama mbele mkamwona anatetemeka, kumbukeni kwamba nyinyi ndio Haruna wake. Msaidieni kwa sauti zenu. Na mwalimu akiuliza swali na jibu liko moyoni mwako, usiondoke nalo mpaka nyumbani. Inua mkono, useme ni mtende.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awakunjulie watoto wetu vifua, awafungue mafundo ya ndimi zao, na azijaalie ndimi hizo ziseme kweli, zisome Kitabu chake na zitetee wanaodhulumiwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.